Mdakaji Hamgusi Mkwe Wake

Watu wakiniuliza nilikuwa nikifanya nini Durban ile miaka ya mwisho ya tisini, huwajibu kwamba nilishona nguo soko la Warwick, nao huridhika. Nikiongeza kwamba kila Jumapili nilikuwa mwamuzi wa besiboli, wanacheka, wakidhani natania. Basi ngoja nieleze polepole, na wewe usiogope kama hujawahi kuuona mchezo huu. Mimi nami sikuwahi kuuona mpaka ulipoletwa mezani kwangu ukiwa umechanika.

Uliletwa ndani ya mfuko wa viazi. Mzee mmoja wa mtaa wa Sydenham, mwalimu wa michezo aliyestaafu, alimwaga juu ya cherehani yangu mipira midogo, kila mmoja wa kuenea kiganjani, ngozi nyeupe iliyogeuka kahawia, uzi mwekundu umekatika huku na huku. Mafundi wenzangu walikuwa wamemkatalia. Cherehani haiwezi kazi ile; inataka sindano ya mkono na uzi uliopakwa nta, na vidole vinauma mpaka kesho yake. Mimi nilikuwa mgeni kutoka Morogoro, sikuwa na wateja wa kuchagua. Nilipomaliza aliugeuza mmoja kwenye mwanga, akasema mishono yangu imenyooka ila imekaza mno, mpira utakuwa mgumu kama jiwe. Akaleta mingine, kisha mingine tena. Nikamuuliza ni mnyama gani anayeila mipira hii. Akaniambia, njoo Jumapili umwone.

Huyo ndiye nitakayemwita kocha, maana ndivyo kila mtu alivyomwita.

Ligi yake ilikuwa ya chini kabisa katika mkoa ule. Juu yake kulikuwa na ligi za watu wenye sare na viatu vya meno. Ya kwake ilianzishwa na familia za Sydenham zamani za sheria za ubaguzi, walipokatazwa viwanja vya wazungu: wakajifyekea chao mteremkoni, wakacheza Jumapili mchana, baba, wajomba na watoto wao. Alinisimulia hayo akiwa ameinama, anachora mistari ya chokaa kwenye nyasi. Sheria zilipoondoka, vijana nao wakaondoka. Kriketi iliwachukua baadhi, Johannesburg ikawachukua wengine, wengine wakavuka bahari. Ikabaki timu moja, na timu moja haichezi na mtu. Waliokuwa na mamlaka ya uwanja wakamwambia: lete timu nne, au tutapatafutia pale kazi nyingine.

Timu ya pili aliipata kwa macho yake mwenyewe. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na kanisa lenye maegesho makubwa, na walinzi wa magari walikuwa Wakongo, watu wa Uvira na Bukavu na Lubumbashi walioikimbia vita, wamevaa vizibao vya kung'aa juu ya mashati yao ya kwenda kazini. Siku moja dereva aliyechelewa ibada alimtupia mlinzi funguo kutoka mbali, bila hata kuangalia anatupa wapi. Mlinzi akazidaka kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukimwongoza dereva mwingine arudi nyuma. Kocha aliruka uzio na umri wake wote kwenda kumtafuta.

Kwa hiyo walinzi wakawa timu, tukaiita timu ya magari. Wachuuzi na wapagazi wa Warwick wakawa timu ya soko, Watanzania na Wazulu wamechanganyika. Wasusi, vinyozi na watu wa maduka ya simu wa Overport, Wakongo karibu wote, wakawa timu ya saluni. Na ile ya Sydenham ikawa ya nne. Ligi ikafufuka. Mimi nilianza kama mkalimani, kwa sababu kocha hakuwa na Kiswahili wala Kifaransa, na baada ya kutafsiri kanuni zote, mara kwa mara, kwa watu wasiosikiliza, nikajikuta ndiye ninayezijua kuliko wachezaji. Wakanipa filimbi. Walinzi waliniita Maman arbitre, watu wa soko wakaniita dada mwamuzi, na watu wa Sydenham wakanipigia kelele kwa majina ambayo sitayaandika.

Sasa mchezo wenyewe. Mrushaji anarusha, mpigaji anaupiga mpira kwa gongo, kisha anakimbia. Kuna vituo vitatu vya kuzunguka, na cha nne ni nyumbani, palepale alipoanzia. Akifika nyumbani, timu yake imepata pointi. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, kavaa kofia ya chuma na ngao kifuani. Huyo analinda nyumbani. Mkimbiaji akija huku mpira uko mikononi mwa mdakaji, mdakaji anamgusa nao, basi, pointi imepotea. Mimi niliwaeleza kwa rede, mchezo wetu wa utotoni: ukiguswa na mpira, umekufa. Walipenda neno hilo. Kuanzia hapo ligi yetu haikuwa na lugha nyingine. Mkimbiaji ama amekufa, ama ni mzima. Wakifa watatu, zamu yao imekwisha, wengine wanaingia kupiga.

Yule aliyezidaka funguo ndiye aliyekuwa mdakaji wa timu ya magari. Alikuwa mtu wa Uvira, mrefu, mpole, na alipochuchumaa magoti yalimfika masikioni. Mrushaji wao alikuwa na mkono wa hatari, mipira yake haikujua inakwenda wapi, na hakuna mwingine aliyeweza kuidaka. Nakwambia hivi mapema kwa sababu utaniuliza baadaye kwa nini hawakumbadilisha. Walijaribu. Aliyejaribiwa alipoteza jino kabla jua halijapanda.

Mdakaji alitaka kuoa. Hilo ndilo alilolitaka kuliko kitu chochote katika mji ule, kuliko karatasi za ukimbizi, kuliko kazi ya maana. Msichana alikuwa msusi wa Overport, mwenye kicheko kinachosikika kabla hujamwona, na baba yake alikuwa mwenye duka la simu palepale jirani. Nitamwita mzee wa simu. Wakongo wote wa upande ule waliongea na mama zao ndani ya vibanda vyake vya mbao, wakilia, naye amekaa nje anasikia kila kitu. Unaelewa uzito wa mtu kama huyo. Alijua nani kafiwa, nani kadanganya nyumbani kwamba ni meneja.

Kijana alikwenda kwake na wakubwa wawili, akapeleka kitambaa na kinywaji, akajieleza. Mzee alikipokea kile kitambaa. Akasema asubiri, wajomba wa msichana walioko Kongo lazima wasikilizwe. Ikawa hivyo, akasubiri, miezi ikapita, wajomba wakawa hawajasikilizwa bado.

Tangu siku ile ya kitambaa, yeye na mzee hawakugusana. Nilijua hivi kwa makosa. Mchezo ukiisha timu mbili husimama kwa mistari, zinapita zikipeana mikono, mtu na mtu, hata kama mmetoka kutukanana. Kocha alilishika jambo hilo kama sala. Mara ya kwanza timu ya magari ilipocheza na saluni, niliona mdakaji anafika mbele ya mzee wa simu, anainamisha kichwa, anatoka kwenye mstari, anazunguka, anaingia tena mbele. Nikamwita pembeni, nikamwambia kwa upole kwamba hapa tunapeana mikono wote.

"Maman arbitre," akasema, "ule ni buko yangu. Baba mkwe. Siwezi kumushika."

"Hata mkono?"

"Hata mkono. Kwetu ukisha kupeleka kitambaa, hapana kumugusa tena. Hata kivuli yake, mi napita kando."

"Na yeye?"

"Yeye pia. Ni vile tunajua kama tuko bakwe."

Nilimwachia. Nilifikiri ni jambo zuri, kwa kweli, watu wawili kubeba heshima mpaka katikati ya uwanja.

Mzee wa simu hakuwa mchezaji. Alikuwa mtu wa hamsini na kitu, tumbo mbele, suti ya michezo ya bluu iliyopigwa pasi. Alikaa kwenye benchi la saluni kama mwenyekiti, binti yake kando akimshikia chupa ya maji. Katika mchezo wa pili na timu ya magari, saluni walipata mkimbiaji akafika kituo cha tatu, hatua ya mwisho kabla ya nyumbani. Kinyozi mmoja wao akageuka kwenye benchi.

"Papa, ingia wewe. Nani atakugusa?"

Benchi zima likacheka. Mimi nami nikacheka, nikidhani utani umeishia pale. Lakini kanuni inaruhusu: timu inaweza kumtoa mkimbiaji na kumweka mwingine kwenye kituo chake. Mzee alisimama. Akavua saa, akampa binti. Binti akasema, "Papa, acha. Papa, tafadhali," kwa sauti ya chini, nayo niliisikia kwa sababu nilikuwa karibu.

Mpira ulipopigwa haukwenda mbali. Mlinzi mmoja aliuokota, akautupa nyumbani vizuri kabisa, na mdakaji alikuwa nao mkononi wakati mzee bado anahema katikati ya njia. Mtoto wa darasa la pili angemgusa. Mdakaji alisimama, akautazama mpira ndani ya glavu, akageuka upande. Mzee akapita na tumbo lake, akakanyaga nyumbani kwa mguu mmoja kama mtu anayezima sigara.

Nikainyoosha mikono. "Mzima!"

Ilikuwa kweli. Hakuguswa.

Ungewaona saluni walivyogaagaa. Wengine walishikana ili wasianguke. Na timu ya magari, ambao wote walijua desturi ile na wote wangefanya vilevile kwa wakwe zao, walimzunguka mdakaji kama mbwa.

"We unaoa binti ao unaoa mzee?"

"Mwoe baba, basi! Akuzalie!"

"Glavu si mkono, mjinga! Glavu ni ngozi ya ng'ombe. Ungemugusa na ng'ombe!"

"Na glavu inavaliwa na nani?" akauliza mdakaji.

"Na mwanamuke," mrushaji akajibu, na hapo wakacheka hata wao.

Tangu siku hiyo mambo yakawa kawaida, na ukawaida ndio uliokuwa mbaya. Kila saluni walipocheza na magari, mzee alivua saa. Hakukimbia tena, alitembea. Mara moja alisimama mbele ya mdakaji, akachutama kufunga kamba ya kiatu, kisha ndipo akaingia nyumbani; wenzake hawakusogea wapokee mpira wamguse wao, walisema buko ni wake, amalizane naye mwenyewe. Watu wa Sydenham walianza kuja na viti vyao kutazama. Hawakuelewa desturi, lakini walielewa mtu anayedharauliwa, hilo halihitaji mkalimani. Kocha aliniuliza kama tumzuie. Nikamwambia kanuni haimzuii. Akatikisa kichwa. Alihitaji timu nne. Hakutaka kuudhi yoyote.

Mdakaji mwenyewe aliitwa Bibi Harusi mpaka na madereva wa kanisani. Wenzake walimwachia mifuko yote ya vifaa aibebe. Walimpa kona ya maegesho isiyo na kivuli, ile ambayo hakuna gari jipya linaloegeshwa. Niliwahi kumletea mpira niliomaliza kuushona, nikamwambia asife moyo, hakuna anayedaka kama yeye katika ligi nzima. Akaubonyeza kwa kidole.

"Maman, mi niko nasubiri tu. Mzee ananipima. Baba akitaka kutoa mutoto wake, lazima apime mutu. Siku nikimugusa, nimeanguka mtihani."

Nilisema labda, na nilisema kwa moyo mzuri.

Msimu ulikwenda hivyo mpaka mwisho, na mwisho wake timu mbili zilikuwa zimesimama sawa kileleni: magari na saluni. Mchezo mmoja ungeamua. Kombe lenyewe lilikuwa la zamani, la familia za Sydenham, limepauka, mkono wake mmoja umeunganishwa kwa waya. Lakini kocha alikuwa amepata ahadi kwamba bingwa wetu atapanda, acheze na ligi ya juu, ile ya viatu vya meno. Walinzi wa magari waliota jambo hilo wakiwa wamesimama juani.

Wiki ile walinijia kule kwenye maegesho, wote, wakaniuliza swali la maana.

"Maman arbitre, iko njia ya kuua mukimbiaji bila kumugusa?"

Ipo. Nilifurahi, nakiri, kama mwalimu anayeulizwa swali aliloliombea. Timu yoyote ikiniuliza kanuni nilieleza, na saluni niliwaeleza vilevile siku zao. Nilichukua vizuizi vya plastiki vya maegesho nikavipanga viwe vituo, nikawasimamisha juu yake.

Sikiliza, maana jambo lote liko hapa. Kituo kimoja hakikai watu wawili. Vituo vyote vitatu vikiwa na mtu na mpira ukapigwa, mpigaji lazima akimbilie cha kwanza, kwa hiyo wa kwanza anasukumwa aende cha pili, wa pili aende cha tatu, na wa tatu hana pa kubaki, lazima aende nyumbani. Mtu anayesukumwa hivyo huhitaji kumgusa. Mdakaji akiushika mpira na kukanyaga nyumbani kabla yake, amekufa.

Mrushaji akapiga ngumi kiganjani. "Kwa hiyo tunajaza vituo! Mzee akiwa kwenye cha tatu, mi narusha mipira mibaya makusudi, wapigaji wawili wanapewa kituo bure. Vinajaa. Buko anakufa kwa mguu!"

"Kwa mguu!" wakaitikia. Mdakaji alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu mwanzo wa msimu.

"Kuna nusu ya pili," nikasema.

Hapo honi ikapigwa. Mama mmoja wa kanisani alikuwa amezibwa na gari lingine, na kona ile ilikuwa ya mlinzi anayecheza kituo cha kwanza. Akakimbia. Kazi ni kazi. Walikuwa hivyo hata katikati ya michezo: gari likiingia, mlinzi wake anaruka uzio, anakuja tena na chenji inalia mfukoni. Nikawaeleza waliobaki. Msukumo unatoka nyuma, kwa mpigaji. Mkimuua mpigaji kwanza pale kituo cha kwanza, msukumo umekwisha. Hakuna anayemsukuma mzee tena. Hapo anarudi kuwa mkimbiaji wa kawaida, na mkimbiaji wa kawaida lazima aguswe. Kwa hiyo mpira uende nyumbani kwanza. Nyumbani kwanza, siku zote.

"Mumwambie mwenzenu," nikasema. Wakasema watamwambia.

Jumapili ya mchezo ule msichana hakuwepo. Hakuwepo pia Jumapili iliyotangulia. Mdakaji aliniuliza mimi, kwa kuwa hakuweza kumuuliza mzee, nami nikamuuliza mzee, akasema ameenda Johannesburg kumsalimia shangazi. Nikampelekea kijana jibu hilo. Akavaa kofia yake ya chuma.

Sitasimulia mchezo wote. Joto lilikuwa la kunata, tumbili walishuka mitini wakaiba ndizi za timu ya soko waliokuja kutazama, na mrushaji wa magari siku hiyo alikuwa mtu mwingine, mipira yake ilitii. Tulifika zamu ya mwisho, pointi sawasawa, saluni wanapiga, pointi moja tu iwape kombe. Mmoja wao alikuwa amekwisha kufa. Mwingine alifika kituo cha tatu.

Benchi la saluni likaanza kuimba. Mzee akavua saa. Safari hii hakuwa na wa kumpa, akaiweka mfukoni.

Mrushaji akarusha mipira ya juu, mipira ya chini, mipira ambayo twiga asingeifikia. Mpigaji akapewa kituo bure. Wa pili naye. Saluni wakashangilia, wakidhani mkono umemchoka. Vituo vikajaa. Nikamwona mdakaji anapangusa kibao cha nyumbani kwa kiganja chake, polepole, kama mtu anayefuta meza kabla ya kula.

Mpira ukapigwa. Ulidunda ukamfuata mlinzi wa kituo cha kwanza mpaka miguuni. Ulikuwa mpira rahisi. Akauokota, na kituo chake kilikuwa hapo, hatua moja tu, na mpigaji anakuja mbio. Mtu yeyote angefanya alichofanya. Akakanyaga kituo, mpigaji amekufa, wawili hao. Kisha akautupa nyumbani, mkali, umenyooka. Mdakaji akaudaka huku mguu wake uko juu ya kibao, na mzee bado yuko katikati ya njia.

Timu ya magari ikalipuka. Walitupa glavu hewani. Mrushaji alimrukia yule wa kituo cha kwanza, wa kituo cha tatu akawarukia wote wawili, wakaanguka fungu moja katikati ya uwanja, wakilia kwa furaha. Kwa hesabu yao zamu ilikuwa imekwisha na mzee amekufa kwa mguu.

Mimi nilikuwa sijainua mkono.

Mzee wa simu ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa amesimama, anashika kiuno, anahema. Aliniangalia, akaangalia kituo cha kwanza, akamwangalia mdakaji. Alikuwa ameyasikiliza masomo yangu kama alivyosikiliza simu za watu, bila kukosa neno. Akaweka mikono nyuma ya mgongo, akaanza kutembea.

"Mguse!" kocha akapaza sauti kwa Kiingereza kutoka kwenye uzio, akisahau kwamba yeye si wa timu yoyote. "Mguse, mwanangu!"

Mdakaji akanigeukia. Kupitia nondo za kofia yake niliona kwamba ameelewa. Yeye alikuwa ameisikia nusu ya pili. Angeweza kumtupia mwenzake mpira amguse badala yake. Alitazama. Wenzake walikuwa wamelaliana chini, hakuna aliyekuwa na uso juu.

Mzee alikuja taratibu, kama anayekwenda kufungua duka. Alipofika alisimama, mbele kabisa, tumbo lake likiwa karibu na mpira kuliko nilivyo karibu na karatasi hii. Akasubiri. Nafikiri alitaka kila mtu aone. Kisha mdakaji akarudi hatua moja nyuma, akainamisha kichwa, na mzee akakanyaga kibao.

"Mzima," nikasema. Sikupaza sauti. Haikuhitajika.

Sitaandika waliyomwambia wenzake walipoinuka. Yule wa kituo cha kwanza ndiye aliyetukana kuliko wote, na mrushaji alimtemea mdakaji mate kwenye viatu. Hakuna aliyeuliza nani alisahau kumwambia nani. Kocha aliingia katikati mikono juu, akiwaomba mistari, mistari tafadhali, tupeane mikono. Alikuwa karibu kulia. Ligi ile haikuona msimu mwingine. Timu ya magari ilivunjika jioni hiyohiyo, tatu hazikutosha, na nilipopita pale mara ya mwisho uwanja ulikuwa umemwagiwa lami, umekuwa maegesho ya ziada. Lakini hilo lilikuwa bado mbele. Jioni ile mistari ilipangwa, wakapita.

Mdakaji alikuwa wa mwisho. Mpira ulikuwa bado mkononi mwake, hakuna aliyemwomba. Alifika mbele ya mzee wa simu, akainamisha kichwa, akainua mguu kutoka kwenye mstari kama kawaida yake.

"Kijana," mzee akasema.

Akanyoosha mkono.

Nilifurahi. Nilidhani mzee ameona ya kutosha, amelainika, anamwambia mbele ya watu kwamba mtihani umepita. Nikaanza kupiga makofi. Aliyekuwa karibu nami, mzee mmoja wa timu ya saluni yenyewe, akanishika kiwiko.

"Maman, acha. Acha, acha." Hakunitazama. "Binti alishaolewa. Johannesburg. Ni wiki mbili sasa."

Hakuna mwingine aliyepiga makofi, upande wa magari wala wa saluni. Wote walikuwa wameelewa kabla yangu. Mkono ule ulibaki hewani, safi, na alama nyeupe ya saa kwenye kifundo.

"Shika," mzee akasema. "Hakuna ubaya tena."

Mdakaji alivua kofia. Aliutazama mkono kwa muda. Kisha akanyoosha wake, uliokuwa na mpira, akaugusisha mpira kwenye kiganja cha mzee. Hakugonga. Aligusa tu, ngozi kwa ngozi, akaushikilia pale. Na akageuka kunitazama mimi, mwamuzi, akisubiri niseme.

Nilijua kanuni kuliko mtu yeyote katika ligi ile. Nilimwambia, kwa upole nilioweza kuupata, kwamba mchezo umekwisha.